Samaki Wanaofaa Kuishi Kihesa

Jumatano, 7 Mei

Nimefuta kioo tena kabla ya kwenda kazini. Ndani hakuna kitu. Maji, mchanga, mawe ya matumbawe yenye madoa ya kahawia, pampu inanguruma. Tangu Pasaka nafuta kioo cha maji matupu kama mtu aliyerogwa.

Hili tangi sikuliomba. Festo ndiye aliyelileta. Yeye ni fundi umeme. Mzungu mmoja aliyekuwa anamtengenezea jenereta alirudi kwao akamwachia kila kitu: kioo, taa, pampu, hita, kipimo cha chumvi, na ndoo ya chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Mume wangu akaona hiyo ndiyo zawadi ya kunipa. Mwezi wa pili nimejifungua mtoto ambaye hakulia. Mwezi wa nne ananiletea samaki. Na samaki wenyewe hawapo, ananiletea maji.

Siku ile nilimtolea uvivu. Nilimwambia sawa, liweke hapo sebuleni, lakini kitu chochote kikifia humu ndani mimi nabeba cherehani yangu narudi Makambako kwa mama. Alidhani ni hasira, zitapita. Hazijapita. Sitaki kifo kingine ndani ya nyumba hii, hata cha konokono.

Ijumaa, 9 Mei

Festo ameshinda na simu jioni nzima akinionyesha anaowataka. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano. Yule mwenye mapezi marefu kama shela la bibi harusi, ambaye kumbe miiba yake ina sumu. Farasi wa baharini, tena wawili. Nyota wa baharini. Na ua la baharini lenye vidole vinavyochezacheza, eti lipendezeshe. Wote hao kwenye kioo kisichozidi urefu wa meza yangu ya cherehani. Mtu mzima ovyo.

Nikamnyang'anya simu nikaanza kusoma mwenyewe. Nimesoma mpaka chai ikapoa.

Mimi ni fundi nguo. Mteja akija na kitambaa kizuri cha kutosha blauzi akataka gauni refu, namwambia hapana, hata akinuna. Kioo hiki ni kitambaa cha blauzi. Yule wa buluu anakua mkubwa na anataka nafasi ya kukimbia. Humu atakuwa anazunguka na kugeuka mpaka augue. Farasi wa baharini wanataka kulishwa kutwa nzima, tena vitu vilivyo hai. Nitavitoa wapi, Mlandege sokoni? Nyota atamaliza uchafu wa kwenye mawe halafu afe njaa polepole bila mtu kujua. Ua linataka tangi la siku nyingi na taa kali. Mwenye sumu hata sijamjadili.

Nimewafuta wote. Festo ananiangalia kama nimemchania barua yake ya posa. Shauri yake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepima maji kwa zile dawa za matone. Rangi imekuja ya kijani. Bado. Inatakiwa njano. Maana yake uchafu unaoua samaki bado umo ndani, vijidudu vya kwenye mawe havijawa vya kutosha kuumaliza. Huwezi kuviharakisha. Unakaa, unasubiri.

Jana kanisani Mama Nyalusi, kiongozi wa kwaya yetu, alinishika mkono akaniambia nisijali, utapata mwingine. Ni mwema yule mama. Nilitamani kumzaba kibao.

Wote wanasema hivyo. Kwa sababu hakukuwa na msiba. Mtoto ambaye hakulia hakaliwi matanga. Wanawake wazima wanamchukua mapema, wanamzika, wanarudi wananawa mikono, imeisha. Mama yake haonyeshwi, baba yake haitwi. Aliyenichukulia wangu ni mama mkwe. Nilikuwa kitandani, nikanyanyua shingo, akanifunika uso kwa kiganja chake akasema usiangalie mwanangu, nimeshamaliza. Alinukia sabuni. Sijui alimpeleka wapi na sikuuliza. Wanasema ukimwona hutamsahau. Sasa mimi sijamwona, mbona simsahau?

Leo nimekata mashati ya shule mpaka vidole vimevimba.

Alhamisi, 15 Mei

Njano! Maji yamekuwa njano kwenye kichupa. Nimefurahi peke yangu sebuleni, halafu nikakasirika kwa kufurahi.

Nimempigia Kassimu, anayeuza samaki wa mapambo Dar. Namba tuliipata kwa yule mzungu. Zamani alikuwa mpiga mbizi, anaongea haraka na kila mwanamke anamwita mama. Nilimbana kama ninavyowabana wauza vitambaa. Nilimwambia sitaki mzuri, nataka asiyekufa. Akacheka. Alipogundua sicheki, akaanza kunijibu vizuri.

Kasema tuanze na wa kusafisha: konokono wa baharini na wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Wakikaa salama ndipo tuzungumze habari za samaki. Tena samaki wawili tu, basi. Wadogo, wa chungwa wenye mistari myeupe, ambao wamekaa kwake siku nyingi na wameshazoea kula chakula cha punje. Festo kwa nyuma akauliza na ua lao je, si huwa wanaishi kwenye ua? Kassimu akasema wanaishi vizuri tu bila ua, wewe ndiye unayelitaka. Nimempenda Kassimu.

Jumamosi, 17 Mei

Tumeshuka Ipogolo kupokea boksi kwenye basi la Dar. Kondakta alilishika kama lina bomu, akauliza hiki kinacholia ndani ni nini. Hakuna kilicholia. Ni funguo zangu zilikuwa zinagongana mkononi.

Huwezi kuwamwaga tu. Lazima maji yetu yaingie kwenye maji yao tone kwa tone mpaka wazoee. Festo alikuwa ameshanunua mpira wa dripu duka la dawa, akaufunga fundo katikati ili maji yapite kidogokidogo. Ule mpira ninaujua. Ulikuwa umening'inia juu ya kichwa changu mwezi wa pili. Nikatoka nje nikaenda kufua mashuka masafi.

Niliporudi Festo alikuwa amepiga magoti sakafuni anahesabu matone, ulimi nje. Wote wameingia wazima. Kaa wanatembea na nyumba zao mgongoni kama wapangaji waliofukuzwa.

Jumanne, 20 Mei

Kaa mmoja amekufa.

Nimemkuta asubuhi mchangani. Miguu yote, makucha, mwili mtupu, rangi imepauka. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakaa chini nikalia. Nililia kilio kibaya, cha kukosa pumzi, cha mtu aliyefiwa. Kwa ajili ya kaa! Mtoto wangu sijawahi kumlilia namna hiyo, nilijikaza, kila mtu akanisifu nimejikaza.

Festo kampigia Kassimu. Kassimu akasema mchunguzeni vizuri, huenda amevua ngozi tu. Festo akatia mkono nyuma ya jiwe, akatoa kombe, ndani yake kaa yupo, mpya, mwekundu, anatikisa makucha kwa hasira. Kile nilichokililia kilikuwa nguo yake ya zamani.

Nimecheka. Halafu nimelia tena, lakini kidogo. Nimechelewa kazini na mteja wa sare kanisema.

Jumamosi, 31 Mei

Samaki wameingia. Wawili. Mmoja mkubwa kidogo, mwingine kama kidole changu cha mwisho. Kassimu anasema wote huzaliwa madume, halafu mkubwa ndiye anageuka kuwa mke. Festo ameuliza mara tatu kama ni kweli. Tangu hapo anamwangalia yule mdogo kwa huruma.

Hawana shida. Wamechagua kona karibu na pampu, wanatikisa viuno hapohapo kutwa. Nimewatilia punje chache, wamezidaka. Naona aibu kusema nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Nimemkataza Festo kuwapa majina. Ukishampa kitu jina umekwisha.

Jumapili, 8 Juni

Nimemsikia Festo jikoni akiongea na simu: "Bosi na Msaidizi hawajambo." Kawapa majina. Msaliti.

Jumanne, 17 Juni

Baridi imeanza ile yenyewe. Asubuhi Kihesa yote ukungu, mikono haishiki sindano. Umeme ukakatika saa nne, hita ikazima. Maji yakaanza kushuka joto, samaki wakalala chini kwenye mchanga bila kutikisa kiuno.

Nilifunga kibanda changu cha kushonea nikarudi mbio nyumbani. Nikazungushia kioo blanketi letu, juu nikatandika vitenge vya wateja, Mungu anisamehe. Nikachemsha maji, nikajaza kwenye chupa, nikazielesha ndani zikiwa zimefungwa. Zikipoa nabadilisha. Jirani akataka kuniletea jiko la mkaa niliweke chini ya meza, nikamkatalia, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu sembuse samaki. Festo alipopata habari aliacha kazi ya watu Ipogolo, akapanda na betri ya gari akaunganisha pampu. Tulikaa sakafuni tumeegemeana chini ya koti lake mpaka umeme uliporudi alasiri.

Bosi ndiye wa kwanza kutikisika. Nimemwita Bosi. Tayari.

Hatukuongea chochote cha maana. Lakini ni mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nimemwegemea.

Alhamisi, 26 Juni

Mama mkwe amekuja kutoka Ilula kutibiwa goti. Kaleta unga, maharage, na kuku aliyefungwa miguu. Nimepiga goti nimemwamkia kwa kilugha, "kamwene," kaitika, kanishika kichwa. Ni mwema. Anifanyie nini zaidi? Lakini akiniangalia machoni nakumbuka kiganja chake, na mimi ndiye wa kwanza kutazama pembeni.

Amevutiwa na kioo kupita kiasi. Amevuta kigoda akakaa mbele yake na chai. Kauliza hawa wanakula saa ngapi. Nikamwambia asubuhi kidogo, jioni kidogo sana. Kasikitika. Kasema mbona mnawanyima.

Jumamosi, 28 Juni

Akina mama wa kwaya wamekuja kumsalimia mama mkwe. Sebule imejaa mpaka mlangoni. Nimekaanga maandazi na viazi, nimepika chai ya maziwa sufuria mbili. Nimeshinda jikoni, nasikia tu vicheko na kuimba. Kila mmoja aliyeaga kaniambia samaki wako wazuri, na kila mmoja kaniambia, kwa kuninong'oneza, utapata mwingine.

Nimechoka mpaka basi. Nimelala mapema bila hata kuangalia kioo.

Jumapili, 29 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimeamka kumekucha. Maji ya kwenye kioo meupe kama uji mwembamba. Harufu. Bosi yuko juu kabisa, mdomo nje, anahema. Msaidizi hayupo. Nimetafuta nyuma ya mawe, nyuma ya pampu, sakafuni kama aliruka. Hayupo.

Nimekwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa ananawa mikono, na kucha zake zina udongo. Akanisogelea, akaninyooshea kiganja usoni. Akasema, "Usiangalie mwanangu. Nimeshamaliza."

Maneno yaleyale. Sabuni ileile.

Sijui nilianza vipi. Nilipiga kelele. Mimi, niliyemwamkia kwa goti kila siku, nilimpigia kelele mama mzima wa watu jikoni kwangu: "Mmenizikia mtoto sijamwona, leo unanizikia na samaki!" Nilisema nani aliwapa ruhusa. Nilisema nina macho, nilipewa macho ya nini. Festo alikuja na kaptura akasimama mlangoni kama mlingoti. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, na goti lake bovu, akajifunika kanga.

Baadaye nimetia mkono kwenye mchanga nimekuta maandazi. Vipande vipande, vimevimba, nyuma ya kila jiwe. Na viazi. Mama mkwe amekiri kwa sauti ya chini. Wageni walikuwa wanakula, samaki wamejipanga kwenye kioo wanawatazama. Utakulaje mbele ya macho ya kiumbe usimpe? Kampa kidogo. Aliyekaa jirani naye akaona aibu, naye kampa kidogo. Kila mmoja kidogo chake, kwa zamu, huku mwenzake akitazama pembeni ili asionekane anamhesabia. Wamemuua kwa ukarimu. Ningekuwa mgeni, ningefanya vilevile.

Festo ametoa maji machafu ndoo kwa ndoo, katengeneza mengine, kapima chumvi, kayapasha moto. Hakuenda kanisani. Hakuna aliyekwenda.

Jumatatu, 30 Juni

Nilisema kitu kikifia humu ndani naondoka. Kimekufa. Nimetoa begi, nimekunja nguo. Cherehani nimeifunga kwa kamba ya katani.

Bosi bado anahema kwa taabu. Konokono wako sawa. Kaa wote wapo, nimewahesabu makombe na kuwapigapiga kidogo ili watoe makucha.

Jioni Festo kanikuta nimekaa juu ya begi. Akasema, kwa upole kabisa, maskini, anatafuta tu la kusema: tutanunua mwingine.

Nilimrushia kandambili. Ilimpata begani. Hakujikinga, hakuondoka. Akasema, "Na mimi ndivyo wanavyoniambia kila siku kazini, utapata mwingine, fundi, utapata mwingine. Na mimi sikuonyeshwa. Nilikaa nje kwenye benchi la hospitali, mama akapita na kifurushi, nikaambiwa nisisimame."

Jamani. Miezi yote hii nilidhani ni mimi peke yangu sikuonyeshwa. Nilidhani yeye anajua. Nilimchukia kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Amelia kama mtoto, mdomo wazi. Nimemshika. Begi limebaki pale katikati ya chumba, tukawa tunalizunguka.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi mama mkwe kaniita nyuma ya nyumba. Anachechemea. Kanionyesha kwenye tuta la mchicha, pembeni. Kafukua kwa mkono wake mwenyewe. Msaidizi alikuwa amefungwa ndani ya kipande cha kitenge, kutoka kwenye mabaki yangu, kakunja pembe vizuri kama tunavyofunga mtoto. Kasema, haya, angalia.

Nimeangalia. Alikuwa mdogo sana na rangi imetoka. Haikuniua. Nimemfunga tena mimi mwenyewe, nimemrudisha.

Tumekaa pale kwenye ngazi ya jiko, mimi na yeye. Ndipo akaniambia. Kabla ya Festo alikuwa na mwingine. Naye hakulia. Mama mkwe wake alimchukua, akaenda, akarudi amenawa. "Mpaka leo sijui yuko wapi, Edina," kasema. Kila akipalilia shamba la kule Ilula huwa anainua jembe kwa uangalifu, asije akamgonga. Maisha yake yote anapalilia hivyo. Waliomzika wameshakufa wote.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ukanifanyia mimi? Kasema alidhani yeye ndiye aliye dhaifu. Alidhani wanawake wengine inawasaidia.

Halafu kasema wa kwangu anajua alipo. Kasema goti likipata nafuu kidogo atanipeleka. Nikamwambia goti nalipa mpaka Jumamosi hii.

Nimefungua begi. Cherehani nimeiacha na kamba yake mpaka jioni, kwa aibu ya kuvunja kauli yangu, halafu nikaifungua kwa sababu kuna suruali ya mtu.

Alhamisi, 3 Julai

Bosi amekula. Punje moja, ameitema, ameidaka tena. Nimepiga makofi.

Kassimu kapiga simu. Nilitegemea aniambie analo boksi tayari, ndiyo biashara yake. Hakusema. Kasema maji yapumzike kwanza, vijidudu vijijenge upya, na huyu aliyebaki akibaki peke yake hafi. Siku ukitaka mwenzake, kasema, uchague wewe, mdogo kuliko huyu ili wasipigane. Na usipotaka, mama, basi. Kioo hakidai kujazwa.

Festo bado anauliza habari za yule wa buluu. Huyu mtu hakomi.

Jumamosi, 5 Julai

Ilula. Tumekwenda watatu.

Hakuwa mbali kabisa. Nyuma ya jiko la mama mkwe, upande wa migomba, mahali ambapo jua la asubuhi linafika. Nimewahi kusimama hapo mara ngapi? Mwezi wa nne tulikuja kuvuna maharage, nilianika nguo hapohapo. Nilipita juu ya mwanangu na beseni kiunoni, naimba.

Mama mkwe aliweka mawe matatu, mtu asiyejua anaona ni mafiga ya zamani. Akatuambia yote bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo akaona pa kuutua. Ni msichana. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala. Paji la uso la Festo, bahati mbaya. Vidole virefu, vya kushonea. Alimwogesha kwa maji ya moto ingawa haikuwa lazima, kwa sababu ilikuwa asubuhi ya mvua na aliona baridi. Kamfunga kwenye kitenge chake kipya ambacho alikuwa hajakivaa. Kamwimbia ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini ili wenzake wasimseme.

Festo alipiga magoti, akaweka mkono juu ya udongo, akauacha hapo muda mrefu. Mimi nilikaa tu. Nilidhani nitaanguka, nitapiga mayowe. Nilikaa, nikang'oa majani. Ardhi ilikuwa na joto kidogo.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwona mama mkwe amegeuka anaangalia shamba lake, lile refu linaloshuka mpaka mtoni. Nikarudi nikamshika mkono. Nilimwomba radhi kwa kelele zangu za jikoni. Akasema zilikuwa zimechelewa miaka mingi zile kelele.

Jumapili, 20 Julai

Nimewaambia akina mama wa kwaya, baada ya ibada, mbele ya wote: samaki msiwape kitu, na mimi msiniambie tena nitapata mwingine. Mama Nyalusi akauliza, alikuwa wa kike au wa kiume? Nikamwambia wa kike. Nikamwambia na nywele.

Wawili kati yao walitembea na mimi mpaka njia panda. Mmoja naye anaye wake, hajui yuko wapi. Aliniambia kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Ijumaa, 1 Agosti

Maji safi. Njano kwenye kichupa, wiki zote hizi njano. Kaa amehamia kombe kubwa zaidi, anajidai. Bosi amehama kona ya pampu, sasa analala nyuma ya jiwe la kushoto. Festo anasema amekuwa mke tayari. Hawezi kujua, lakini nimemwachia.

Kassimu ana kasamaki kadogo, ka njano, kanakokaa kwenye tundu la jiwe na kuchungulia tu, hakana makuu. Kanatufaa kwa ukubwa, kwa tabia, hakapigani na mtu. Nimekasoma mara nyingi. Nimemwambia bado.

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi imepungua. Kazini kutwa. Nimemaliza sare zote, nimeanza magauni ya harusi ya watu wa Mlandege.

Mchana amekuja mteja mgeni, kahamia mjini juzi kutoka Mbeya, mchangamfu, anapenda kuongea. Anataka gauni la kitenge lenye mikono mifupi. Nilikuwa nampima mabega. Akaniuliza, kama wanavyouliza watu wote, una watoto wangapi?

Nikamwambia mmoja. Wa kike.

Akasema hongera. Nikasema asante, nikamwomba ainue mikono nimpime kiuno.